Quaker wa kimya na Quaker wa kwaya

Ndugu, umeuliza inakuwaje Marafiki (jina jingine la Quaker, dhehebu la Kikristo) wa kutoka Burundi uliosali nao hapa Kasulu wana mchungaji na kwaya, wakati umesoma kwamba Quaker hukaa kimya. Wote ni Quaker, na sikubaliani na wanaosema hawa wa kwaya si halisi. Uingereza wengi bado hukaa kimya bila mchungaji. Anayeguswa na Roho husimama, husema maneno machache, huketi. Marekani waligawanyika mwaka 1827, kisha uamsho wa miaka ya 1870 ukaleta wachungaji na nyimbo. Wa upande huo wa uamsho ndio waliofika Kaimosi, Kenya, 1902, na Kibimba, Burundi, 1934. Leo Kenya ndiyo yenye Quaker wengi kuliko nchi yoyote duniani.