Chupa saba za dawa ya magoti

Jumanne usiku, siku ya pili tangu nirudi kutoka Moshi kwenye mbio za Kili Marathon, nimekaa miguu ikiwa kwenye beseni la maji ya chumvi, ikaingia meseji ya msomaji mmoja wa Dodoma: "Shikamoo dada. Hongera kwa Kili. Mimi nina miaka 28, najiandaa na nusu marathoni yangu ya kwanza, ila goti linauma nikishuka ngazi. Kuna mtu ananiuzia virutubisho vya magoti, dozi ya miezi mitatu. Wewe unatumia vipi?"

Marahaba, mdogo wangu. Ningeweza kukujibu kwa neno moja ukalale. Ila umenigusa palepale kwenye kidonda, kwa hiyo vumilia.

Nilikunywa chupa saba. Chupa moja shilingi 85,000. Mimi ni mhasibu, na bado ilinichukua miezi saba kupiga hesabu ile: 595,000.

Ya mwanzoni nayaruka, maana kila mwenye jogging anayo hadithi hiyohiyo: uzito, presha, raba ya kuazima, kundi la Tabata linalopita Jumamosi likiimba mpaka unaona aibu kubaki kitandani. Twende kwenye mwaka ule wa kwanza nilipojiandikisha Kili, kilomita 21. Novemba nilikuwa nakimbia kilomita 15 kwa wiki. Krismasi inafika nipo kwenye 42. Hakuna aliyenituma. Nilikuwa naona raha tu, kila Jumapili natuma picha ya saa yangu kwenye grupu, watu wananipigia makofi ya simu, na mimi kesho yake naongeza.

Januari goti la kulia likagoma. Ofisi yetu ipo Kariakoo, ghorofa ya nne, na lifti ile ilikuwa mbovu kuliko ilivyokuwa nzima. Kupanda, hakuna tatizo. Kushuka sasa, kila ngazi kitu kinachoma chini ya pia ya goti kama kuna mtu amechomeka kijiti. Nikagundua kwamba nikishuka kinyumenyume, nimeshika kingo kwa mikono miwili, hapaumi sana. Basi ndivyo nilivyokuwa nashuka: mama mzima, mkoba begani, nimewageuzia wateja mgongo. Kijana mmoja wa kubeba mizigo akaniuliza kama ni nadhiri.

Ushauri ulikuja kabla sijauomba. Mama yangu akaleta supu ya makongoro, ile nzito inayoganda ikipoa. Jirani akaniambia uteute wa magoti umekauka, niloweke bamia usiku kucha ninywe maji yake asubuhi kabla ya chai. Nilikunywa. Sitaeleza ladha.

Halafu akaja ndugu mmoja wa kundi letu. Huyu simtaji, ila nataka uelewe alikuwa nani kwangu. Ndiye aliyenifundisha kupumua nikikimbia. Kilomita 10 zangu za kwanza, watu wote walishamaliza wakaanza kunywa maji, yeye akarudi nyuma kunifuata tukamalize pamoja. Mtu wa namna hiyo akikuambia kitu huulizi mara mbili. Akanitolea chupa kwenye begi: glukosamini na kondroitini, virutubisho vinavyouzwa kwa ajili ya magoti, pamoja na manjano, vidonge vitatu kila asubuhi. "Dada, oili ya magoti imeisha. Gari lisilo na oili linaendaje?"

Mwezi wa kwanza nikapona. Kweli kabisa, maumivu yaliisha. Ila mwezi ule ndio tuliokuwa tunafunga hesabu za mwaka, natoka ofisini saa tatu usiku, sikukimbia hata siku moja. Hilo sikulihesabu. Sifa zote nikaipa chupa, nikaisifia mpaka kwenye grupu, na nina hakika watu wanne walinunua kwa sababu yangu. Nikarudi barabarani, wiki mbili nyingi, kijiti kilekile. Nikamuuliza, akasema mwili unatoa sumu, niongeze dozi. Kili ya mwaka ule niliitazama nikiwa uwanja wa Ushirika, nimekumbatia mabegi ya wenzangu. Yeye alipita akiwa na medali shingoni, akanipungia mkono. Nilimpungia na mimi. Hadi leo mkono ule unaniuma kuliko goti.

Na chupa nikaendelea kunywa, hadi Julai.

Aliyenivua ujinga ni binti mmoja wa fiziotherapia, tiba ya viungo kwa mazoezi, mdogo kwangu kwa miaka kumi na kitu. Hakuniambia nipige picha ya eksirei. Alinisimamisha kwenye kijingazi mbele ya kioo, akasema nishuke taratibu kwa mguu mmoja. Nikajiona mwenyewe: goti linakimbilia ndani, linayumba kama mlango uliolegea bawaba, na kiuno kinamwagika upande. Mguu wa kushoto ulikuwa na nafuu kidogo, nao pia uliyumba. Akaniuliza nilikuwa nakimbia kiasi gani kabla ya maumivu, na miezi miwili kabla ya hapo. Akaandika kwenye karatasi 15, akaandika 42, akachora mshale katikati. Nikatoa chupa mkobani nimwoneshe. Akaisoma yote, kwa adabu, akanirudishia. "Magoti yako hayajaisha kitu, dada. Umeyatwisha mzigo tu."

Nilikasirika wiki nzima. Halafu nikaanza kusoma, kama mhasibu anayetafuta hela iliyopotea.

Utafiti mkubwa unaotajwa sana ni wa Marekani, matokeo yake yalitoka 2006. Watu 1,583 wenye magoti yaliyosagika waligawanywa makundi matano: glukosamini miligramu 1,500 kwa siku, kondroitini miligramu 1,200, zote mbili pamoja, dawa halisi ya maumivu, na vidonge bandia visivyo na kitu ndani. Wiki 24. Kwa ujumla, glukosamini na kondroitini hazikuvipita vidonge bandia kwa kiasi cha kutegemewa. Kilichonikalisha chini ni hiki: kati ya waliomeza vidonge bandia, asilimia 60 walipata nafuu. Sitini! Yaani hata kidonge cha unga mtupu kingenipa mimi ushuhuda wa kusimulia kwenye grupu. Kulikuwa na kundi dogo la wenye maumivu makali zaidi ambao mchanganyiko wa zote mbili ulionekana kuwasaidia, na hilo ndilo wauzaji hulikumbuka. Mwongozo wa 2019 wa chama cha madaktari wa magonjwa ya viungo Marekani unakataza waziwazi kutumia vitu hivi kwa goti lililosagika.

Sasa rudia kusoma: hao ni watu ambao gegedu, ile tishu laini inayofunika ncha za mifupa kwenye goti, limeshasagika, wengi watu wazima. Wewe una miaka 28 na goti linauma ukishuka ngazi. Hata kama dawa ingewafaa wale, ugonjwa wako huenda ni mwingine kabisa.

Na hii habari ya oili kuisha nayo tuiache. Gegedu halina mishipa ya damu. Hula kwa kubanwa na kuachiwa, kama sifongo, majimaji yanaingia na kutoka unapotembea na kukimbia. Goti lisilotumika ndilo linaloshinda njaa. Mwaka 2017 watafiti walikusanya tafiti nyingi pamoja wakakuta magoti na nyonga zilizosagika kwa asilimia 3.5 ya wanaokimbia kwa kujifurahisha, na asilimia 10.2 ya wasiokimbia kabisa. Wakimbiaji wa ushindani ndio waliofika 13.3. Wale wa ushindani tuwaachie wenyewe. Alphonce Simbu alikimbia 42 Tokyo mwaka 2025 kwa saa 2:09:48 akawa bingwa wa dunia. Mimi Kili ya mwaka huu nimekimbia 21, nusu yake, kwa saa 2 na dakika 11, na nimefurahi kumzidi dakika moja tu na kitu. Wewe na mimi ni wa kundi la kujifurahisha, kaa kwa amani.

Kwa hiyo ufanye nini? Jenga mapaja. Hilo tu. Mara tatu kwa wiki, nyumbani, bila gym: kuchuchumaa na kuinuka, kushuka kijingazi kwa mguu mmoja huku ukilizuia goti lisiingie ndani, kulala ubavu ukiinua mguu kwa ajili ya nyonga, kusimama kwa vidole vya miguu kwa ajili ya misuli ya nyuma. Nilianza na mara nane kila zoezi na nilitetemeka kama ndama. Miezi mitatu baadaye nilikuwa nashika dumu la maji la lita 10. Na punguza kilomita, usiache kabisa. Ongeza kidogo kidogo. Miteremko iache kwanza. Watu hawapendi kusikia hili kwa sababu hakuna mtu anayeweza kukuuzia, na halina kifuniko cha dhahabu. Tunapenda kumeza. Goti, kumeza. Uzito, kumeza. Nguvu za kiume, mabarabara yote ya Dar yamejaa mabango ya kumeza. Mwili ulioufanyia uvivu miaka kumi unataka uufidie kwa vidonge vitatu na glasi ya maji, halafu haukuitikii, unasema ni uchawi. Jenga mapaja!

Samahani, nimepaza sauti.

Mama yangu naye anakunywa hivyo vidonge, ana miaka 69 na magoti yake yamesagika kweli, picha tumeziona. Anasema vinamsaidia. Simbishii, anatembea hadi kanisani na kurudi. Nilichofanya ni kumpeleka kwa daktari na orodha ya dawa zake zote, kwa sababu glukosamini inaweza kugombana na dawa ya kuyeyusha damu, ile warfarin, na wazee wengi wanaitumia bila kumwambia mtu kuhusu chupa ya pembeni. Pia glukosamini nyingi hutengenezwa kwa magamba ya kamba na kaa. Kama ukila kamba unavimba midomo, soma kibandiko kabla hujanunua. Na kama siku moja utakimbia mashindano yenye vipimo vya dawa zilizokatazwa michezoni, kumbuka kitakachokutwa mwilini mwako ni chako, hata kama kiliingia kwenye chupa kwa uzembe wa kiwanda.

Diklofenaki, ile dawa ya maumivu, kabla ya mbio, nayo hapana. Najua wanaofanya hivyo. Dawa hiyo, jua kali na maji kidogo ni ugomvi kwa figo.

Makongoro kunywa. Hayatakuoteshea gegedu jipya, lakini ni matamu, yana chumvi, na asubuhi baada ya mbio ndefu sijaona kinachoyashinda.

Ile 85,000 ya mwezi, ukiwa nayo, nenda soko la Karume asubuhi mapema kabla wachuuzi hawajachagua, utapata raba ya mtumba ambayo soli yake bado haijalala, na chenji ya nauli. Nyingine mlipe mtu wa fiziotherapia mara moja akutazame ukishuka kijingazi. Mara moja inatosha kuanza.

Zile chupa saba bado zipo. Moja ina iliki, mbili mwanangu anawekea gololi, nyingine sijui. Na yule ndugu bado tunakimbia naye. Jumamosi moja kabla ya Kili tulikutana Coco Beach saa kumi na moja na nusu alfajiri, tukavuka daraja la Tanzanite kwenda na kurudi. Tuliporudi akafungua begi. Safari hii ni ya mgongo.