Jibu: Folda ya mtandao inakataa nenosiri

Habari ndugu. Nimekuelewa: laptopu inaiona kompyuta ya mezani, ila ukibofya folda unaombwa nenosiri na kila unaloandika linakataliwa. Mimi lilinisumbua wiki nzima.

Anza na unachoandika. PIN ya kufungulia Windows haikubaliki hapa. Linatakiwa nenosiri lenyewe la akaunti iliyo kwenye kompyuta yenye folda. Nilifungua akaunti mpya kwenye ile ya mezani, nikaiwekea nenosiri, nikairuhusu kwenye folda mara mbili: upande wa kushirikisha (Sharing) na upande wa usalama (Security), vyote kwenye Properties za folda. Wengi husahau huo wa pili, na ruhusa iliyo finyu ndiyo inayoshinda.

Ikigoma bado, kwenye upau wa anwani wa File Explorer andika \\192.168.1.5 (weka anwani ya IP, yaani namba ya mtandao, ya kompyuta yenye folda) badala ya jina la kompyuta hiyo. Huenda Windows imehifadhi nenosiri la zamani kwa jina hilo.