Maswali na majibu: Obama, McCain na dola moja na nusu ya Virginia

Wiki hizi mbili za Oktoba 2008 barua karibu zote ni za uchaguzi wa urais wa Marekani wa Novemba 4, Barack Obama wa Democratic dhidi ya John McCain wa Republican. Zilizouliza "nani atashinda" nimeziweka kando. Nimejibu zile ambazo jibu lake lina faida hata kwa asiyekuwa na kura kule, yaani karibu sote.

Shikamoo mwalimu. Utafiti wa juzi ulimpa Obama pointi 10 mbele, wa jana ukampa 4. Nani mwongo? (Msomaji wa Likoni)

Marahaba. Hakuna mwongo. Lakini kwanza tuelewane kuhusu jina. Tangu 2005 tulipoipigia katiba kura ya ndizi na chungwa, "kura ya maoni" kwetu ni kura hasa, yenye karatasi na sanduku. Hiki wanachokitangaza kila asubuhi ni utafiti wa maoni, na tukiuita kura tunaanza kuuamini kama kura.

Ukiwauliza watu 1,000 waliookotwa bila upendeleo, hesabu ya kila mgombea inaweza kukosea kwa pointi 3 hivi, juu au chini. Mmoja akipewa 50 na mwenzake 43, huenda ukweli ni 48 kwa 45, au 52 kwa 41. Hizo 10 na 4 zako zinaweza kuwa uchaguzi ule ule umetazamwa mara mbili. Tena kila kampuni ina njia yake ya kuamua nani hasa atatoka nyumbani siku hiyo, na nyingine bado zinapigia simu za mezani tu, wakati vijana wengi wa kule hawana tena simu ya mezani.

Wala wingi wa waliohojiwa si dawa. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest lilituma karatasi milioni 10 na kurudishiwa zaidi ya milioni 2, likatangaza kwamba Alf Landon atamshinda Rais Roosevelt. Landon alipata majimbo mawili, Maine na Vermont. Majina mengi yalitolewa kwenye vitabu vya simu na orodha za wenye magari, katika miaka ambayo maskini wa Marekani hakuwa na simu wala gari. George Gallup aliuliza watu wachache mno kuliko hao, lakini aliwachagua vizuri, akapatia.

Obama akishinda, ni kweli Wakenya hatutahitaji viza? (Kisumu, na wengine wanane)

Hapana. Na yeyote anayekuuzia "fomu" ya jambo hilo ni mwizi.

Nasikia wazungu huwaambia watafiti kuwa watamchagua mweusi, kisha kwenye sanduku hubadilika. Basi Obama ataanguka? (Msomaji wa Nakuru)

Unalozungumzia limepewa jina la Tom Bradley, meya mweusi wa Los Angeles aliyegombea ugavana wa California 1982. Watafiti walimweka mbele hadi siku yenyewe, akashindwa na George Deukmejian kwa kura zisizofika 100,000 katika zaidi ya milioni 7. Mwaka 1989 Douglas Wilder alikwenda uchaguzini Virginia watafiti wakimpa uongozi mzuri, akawa gavana kwa pengo lisilofika hata nusu ya asilimia.

Kwa hiyo jambo hilo si la kuzuliwa. Ila lisiwe jibu la kila kitu. Wapinzani wa Bradley walifanya kazi kubwa ya kukusanya kura za posta, na watafiti hawakuzipa uzito. Sheria ya bunduki iliyopigiwa kura siku hiyo hiyo iliwatoa watu wa mashamba kwa wingi. Na mwaka huu wenyewe, Januari, kwenye mchujo wa chama chake, Obama alishindwa New Hampshire ambako utafiti ulimweka mbele, kisha South Carolina akashinda kwa pengo kubwa mno kuliko lililotabiriwa. Uwongo ukiwepo, basi haukai upande mmoja.

Linalonichoma ni kwamba swali hili limetoka Nakuru. Desemba iliyopita, wiki mbili kabla ya uchaguzi wetu, dada mmoja mwenye kitambulisho shingoni alikuja kwa jirani yangu na karatasi zake. Mimi nilikuwa barazani nikisubiri mahamri. Akamuuliza jirani angempigia nani kura ya urais. Mwenye nyumba, ambaye ni wa kabila jingine, alikuwa hatua tatu kando akikagua mita ya maji. Jirani akamtaja mgombea wa mwenye nyumba, tena kwa sauti. Dada alipokata kona, jirani akanigeukia na kuniambia taratibu, "Kodi ya Novemba bado nadaiwa."

Hilo halina rangi ya ngozi. Mtu humficha mtafiti pale anapoona jibu lake lina gharama. Steadman, kampuni yetu ya utafiti wa maoni, walimweka Raila mbele kwa pengo dogo, tume ya uchaguzi ikamtangaza Kibaki mshindi kwa kura 230,000 hivi, na Jaji Kriegler, aliyeuchunguza uchaguzi huo, mwezi uliopita akatuambia haiwezekani kujua nani alishinda. Katikati ya hayo, kwenye ghasia, walikufa zaidi ya watu 1,100. Tunawachambua wazungu wa Ohio kwa rangi huku sisi bado tunahesabu kura kwa majina ya ukoo. Ripoti ya Jaji Waki kuhusu ghasia hizo ilikabidhiwa Oktoba 15, na siku hiyo hiyo kule New York ndio walikuwa wanafanya mdahalo wa tatu. Kwa saa zetu ulianza saa kumi alfajiri ya tarehe 16, na niliusikiliza wote. Asubuhi hiyo, kati ya watu sita waliosimama kwa muuza kahawa, sita walizungumzia mdahalo. Hakuna aliyemtaja Waki.

Yule fundi bomba wa Ohio anasema Obama atamnyang'anya jasho lake. Si kweli kwamba mwenye bidii ndiye atakayeumia? (Msomaji wa Dar es Salaam)

McCain alimtaja fundi huyo, Joe, aliyemuuliza Obama kuhusu kodi, mara nyingi kwenye mdahalo ule mpaka nikaacha kuhesabu, na tangu hapo watu wanazungumzia mtu badala ya hesabu. Tufanye hesabu.

Obama anasema familia yenye kipato kisichozidi dola 250,000 kwa mwaka haitaongezewa kodi. Juu ya hapo, viwango viwili vya juu virudi kama enzi ya Clinton: asilimia 33 iwe 36, na 35 iwe 39.6. McCain anataka punguzo zote za kodi za Bush zibaki, na kodi ya makampuni ishuke kutoka 35 hadi 25.

Joe alisema biashara anayotaka kuinunua inaingiza kati ya dola 250,000 na 280,000. Chukua hiyo ya juu, tena uichukulie kuwa faida tupu. Kinachozidi ule mpaka wa 250,000 ni 30,000. Pointi 3 juu ya 30,000 ni dola 900. Hiyo ndiyo nyongeza, kwa mtu wa 280,000. Kosa linalorudiwa, na ninyi mnaniandikia vivyo hivyo, ni kudhani ukivuka mstari basi kiwango kipya kinakata pesa yote tangu shilingi ya kwanza. Hata kwetu Kenya haiko hivyo. Mwaka 2008, mshahara ulipovuka shilingi 38,892 kwa mwezi, asilimia 30 ilikata kilichozidi pekee. Hakuna aliyewahi kufukarishwa na nyongeza ya mshahara.

Wengine wanauita mpango huu ujamaa. Msomaji wa Dar hana haja ya kufundishwa Ujamaa na kituo cha televisheni cha Marekani: Azimio la Arusha lilitaifisha mabenki 1967. Kurudisha kiwango cha 1999 si kutaifisha. Tena ni serikali ya Bush mwenyewe iliyotangaza Oktoba 14 kwamba itanunua hisa za mabenki kwa dola bilioni 250. Neno lile sikulisikia wakilitumia siku hiyo.

Sasa lile ambalo hukuuliza. Wagombea wote wawili wanaahidi kupunguzia watu kodi katika mwaka ambao nakisi ya serikali yao imepita dola bilioni 450. Hakuna aliyesema waziwazi pesa itatoka wapi. Nami namwona Obama ana haki zaidi kwenye nani alipe, lakini kwenye kimya hicho wako sawa.

Na kama mnatafuta wanaokwepa kodi, msivuke bahari. Mwaka 2008 mbunge wetu wa Kenya alikuwa akipokea takriban shilingi 850,000 kwa mwezi na kodi ilikatwa kwenye 200,000 tu. Bajeti ya Juni mwaka huo ilipendekeza marupurupu yao nayo yatozwe, nao wakaja juu kana kwamba wameporwa. Muuguzi alikatwa kodi kwenye mshahara wake wote. Andikeni barua kuhusu hilo.

Mama yake ni mzungu wa Kansas. Kwa nini aitwe mweusi badala ya chotara? (Msomaji wa Zanzibar)

Kwa sababu kule tone moja la damu ya Mwafrika lilitosha kukufanya mweusi. Enzi za utumwa sheria zilimpa mtoto hali ya mama yake, ili mtoto wa mtumwa asije akadai urithi wala haki ya baba mzungu, na karne ya 20 majimbo kadhaa yakaliandika lile tone moja kwenye sheria. Pwani yetu ina maneno yake ya kupanga watu, chotara, shombe na mengine mabaya zaidi, na kila moja liliwekwa ili mtu ajue akae wapi. Yeye mwenyewe alilieleza jambo hili kwa kina Philadelphia, Machi 18: bibi yake mzungu aliyemlea na kumpenda, na ambaye pia aliwahi kukiri kuwaogopa wanaume weusi waliompita barabarani. Kwangu hiyo ndiyo hotuba ya kusoma. Waliobaki na zile klipu za mchungaji Wright, aliyekuwa mchungaji wa Obama, wamesikia nusu ya mazungumzo.

Ni Muislamu au si Muislamu? Tuambie ukweli mara moja. (Barua kumi na nne)

Ni Mkristo. Nimelijibu Machi, nikalijibu Juni, na hii ndiyo mara ya mwisho.

Ila swali lenyewe linatudhalilisha sisi Waislamu, nanyi mnalisambaza kwa simu zenu wenyewe. Kule Minnesota Oktoba 10 mama mmoja alimwambia McCain kwamba hamwamini Obama kwa kuwa ni Mwarabu. McCain akamnyang'anya kipaza sauti, akajibu kuwa hapana, ni mtu mwema, mwenye familia yake, raia. Alisifiwa, na ujasiri alikuwa nao. Lakini lisome tena jibu lile kama wewe ni Mwarabu mwenye familia. Jumapili iliyopita Colin Powell, waziri wa zamani wa mambo ya nje wa Bush, ndiye aliyeuliza lililostahili kuulizwa: hata angekuwa Muislamu, kuna ubaya gani? Akaeleza picha aliyoiona ya mama ameegemea kaburi la mwanawe kwenye makaburi ya jeshi ya Arlington, na juu ya jiwe mwezi na nyota. Kijana alikufa Iraq akiwa na umri wa miaka 20.

Wamarekani weusi wanalalamika kuhusu foleni na vitambulisho vya kupigia kura. Si sheria ni moja kwa wote? (Msomaji wa Tanga)

Nimekuwekea nafasi ndugu yangu, maana swali lako linaunganisha yote.

Marekebisho ya 15 ya katiba yao, 1870, yalisema mtu asinyimwe kura kwa sababu ya rangi. Majimbo ya kusini hayakuyapinga kwa maneno. Yaliweka kodi. Virginia ilitaka dola moja na nusu kwa mwaka kabla ya kupiga kura, na ilibidi uwe umeilipa kwa miaka mitatu mfululizo, miezi sita kabla ya uchaguzi. Aliyesahau mwaka mmoja alidaiwa malimbikizo. Hapakuwa na neno "mweusi" popote katika sheria hiyo, na kila mtu alijua imeandikwa kwa ajili ya nani. Mtu aliyelima shamba la mwingine kwa mgao wa pamba alichagua unga au kura. Wazungu maskini nao walizama humo humo, na wenye mashamba hawakuwalilia. Kodi hiyo iliondolewa kwenye chaguzi za kitaifa 1964 kwa marekebisho ya 24, na kwenye chaguzi za majimbo 1966 pale Mahakama ya Juu yao ilipoamua kesi iliyotoka Virginia hiyo hiyo. Si zamani. Mwenye miaka 65 mwaka huu wa 2008 aliikuta.

Nasi tunaijua. Babu zetu walitozwa kodi ya kibanda na hawakuwa na kura kabisa. Waafrika wa Kenya waliporuhusiwa kuchagua wajumbe wao 1957, mwenye shule na kipato aliweza kupewa kura zaidi ya moja, na asiyekuwa navyo akarudi nyumbani. Sheria ile nayo ilikuwa "moja kwa wote."

Kwa hiyo ukisikia bibi mweusi wa miaka 80 ameshika foleni ya kura za mapema kwa saa nne, usimwambie sheria ni moja.

Mwenye kura nyingi si ndiye rais? (Msomaji wa Bujumbura)

Si lazima. Zinahesabiwa kura za wajumbe wa majimbo, 538, na mshindi anahitaji 270. Mwaka 2000 Al Gore alimpita Bush kwa zaidi ya kura nusu milioni nchi nzima, akaukosa urais kwa kura 537 za Florida. Ndiyo maana utafiti wa nchi nzima usikushughulishe. Tazama jimbo moja moja.

Usiku wa kura tukeshe kuanzia saa ngapi, na tutazame wapi? (Msomaji wa Malindi)

Kwa saa za Afrika Mashariki, ni usiku wa kuamkia Jumatano, Novemba 5. Ohio inafunga saa tisa na nusu usiku, Pennsylvania saa kumi alfajiri, California saa moja asubuhi jua limeshatoka. Mimi nitaanza na Virginia, saa tisa kamili. Kabla ya uchaguzi huu wa 2008, mara ya mwisho jimbo lile kumpa mgombea urais wa Democratic ilikuwa 1964, na mwaka ule kwenye chaguzi za jimbo bado walikuwa wakidaiwa ile dola moja na nusu.