Mchanga chini ya tangi la samaki: je, utageuka sumu?

Swali: Nina tangi la samaki wa maji baridi, urefu sentimita 60 na upana 30, na chini nimeweka kokoto. Ndani nafuga kambare wadogo aina ya Corydoras, na siku hizi sharubu zao zinafupika. Rafiki amenishauri nitoe kokoto niweke mchanga. Mwingine kanionya kwamba mchanga hutoa gesi inayoua samaki. Nimsikilize nani? Na nikiamua mchanga, uwe wa aina gani na kina gani?

Jibu: Msikilize wa kwanza, ila onyo la wa pili usilitupe, kwa sababu lina ukweli ndani yake.

Mchanga wenyewe hautoi gesi yoyote. Gesi hutokana na uchafu ulionaswa mahali pasipofikiwa na oksijeni. Mchanga laini ukirundikwa kwa kina kirefu hushikamana, maji hayapenyi, na huko chini hutawala bakteria wanaoishi bila hewa. Baadhi yao huzalisha haidrojeni salfaidi, ile gesi yenye harufu ya yai viza, na hiyo kweli ni sumu kwa samaki. Dalili yake huonekana kiooni: mabaka meusi ndani ya mchanga. Ukiona baka, lichome taratibu kwa kijiti. Mapovu yakipanda bila harufu, usihangaike. Harufu ya yai viza ikitokea, usikoroge. Ondoa sehemu hiyo kidogo kidogo kwa mpira wa kunyonyea maji, siku tofauti. Gesi ikitoka kidogo ndani ya maji yenye oksijeni ya kutosha huharibika upesi. Vifo hutokea pale mtu anapofukua mchanga wote wa kina kirefu kwa mkupuo, samaki wakiwa ndani.

Kwa hiyo weka tabaka jembamba la mchanga. Kwa tangi lako sentimita 3 hadi 4 zinatosha kabisa. Kama una mimea yenye mizizi mirefu, mfano Vallisneria, unaweza kufika 5 au 6, kwa kuwa mizizi hupeleka oksijeni chini. Hesabu yake ni rahisi: 60 mara 30 mara 4 ni sentimita za ujazo 7,200, yaani lita 7.2. Lita moja ya mchanga mkavu ina uzito wa takriban kilo 1.6, hivyo utahitaji kilo 11 na ushee.

Kuhusu aina, chagua mchanga wa silika wenye punje za mviringo, ukubwa wa nusu milimita hadi milimita moja. Mchanga wa kuchujia maji ya bwawa la kuogelea mara nyingi huangukia humo, nami ndio ninaoupendekeza kuliko mingine. Sugua punje kati ya vidole: zikikwaruza kama msasa, ziache, hata kama rangi yake imekuvutia. Mchanga wa baharini nao si wa samaki wako. Una vipande vya makombe na matumbawe, ambavyo ni kalsiamu kaboneti, na huyeyuka polepole huku vikipandisha ugumu wa maji (wingi wa madini ndani yake) na pH (kipimo cha uchachu wa maji). Kwa samaki aina ya siklidi wa Ziwa Tanganyika hilo ni neema, kwani maji yao ya asili ni magumu na pH yake hukaribia 9. Corydoras wengi hutoka kwenye maji laini. Mchanga usioujua asili yake upime kwa siki: weka kijiko kimoja cha mchanga mkavu kwenye sahani nyeupe, umiminie siki, kisha inamisha sikio na jicho. Ukichachatika au kutoa vipovu vidogo vidogo, kuna chokaa.

Sasa sharubu. Wengi husema kokoto ndizo zinazozikata. Mimi nadhani kokoto zinalaumiwa kupita kiasi. Chakula huzama katikati ya mawe, kikaoza humo, na kambare anayechimbua humo kutwa hupata maambukizi ya bakteria yanayokula sharubu. Juu ya mchanga chakula hubaki wazi, ukakiona na kukitoa. Isitoshe, Corydoras ameumbwa kwa mchanga: huzamisha pua hadi karibu na macho, akachota, na punje zikamwagika kupitia mashavuni. Lakini mchanga mchafu utamdhuru vilevile. Maji yakiwa safi, sharubu huota tena, mradi hazijalika hadi shinani.

Uoshe mchanga kwenye ndoo, sehemu ndogo ndogo, ukikoroga kwa mkono huku mpira ukimimina maji. Mwanzo yatatoka meupe kama maziwa. Endelea mpaka uone punje chini ya ndoo hata ukiwa umekoroga. Hapa ndipo watu huchoka mapema, kisha wakalalamika tangi lina ukungu.

Wahamishie samaki kwenye chombo chenye maji ya tangi hilohilo pamoja na filta inayofanya kazi, na usiioshe filta wiki hiyo. Toa kokoto zote, maana ukimwaga mchanga juu yake utapenya chini na kokoto zitabaki juu. Mawe makubwa yakalishe kwenye kioo chenyewe kabla ya mchanga, yasije yakaporomoka samaki wakichimba. Mwaga maji juu ya sahani ili yasichimbe shimo, na mdomo wa filta unaovuta maji uwe juu kidogo. Punje zikiingia kwenye pampu huila. Wakati wa kusafisha, shikilia mpira sentimita moja au mbili juu ya mchanga na uuzungushe: uchafu utapanda, mchanga utabaki.

Ukitoa kokoto umetoa pia sehemu ya bakteria wanaovunja amonia, sumu itokanayo na uchafu wa samaki. Jaza konzi kadhaa za kokoto hizo kwenye soksi safi ya nailoni, uiache ndani ya tangi kwa mwezi hivi. Pima amonia na nitriti (sumu nyingine, inayotokana na kuvunjwa kwa amonia) kila siku kwa wiki mbili za kwanza. Zikionekana, badilisha robo ya maji na upunguze chakula mpaka zirudi sifuri.