Mama Fundi Anajibu: Bata hafi kwenye TV ya flati

Mwezi huu barua za pasi, feni na redio nimeziweka kando. Tangu nilipojibu kaswali kadogo ka adapta ya gemu ya kaseti, mmeniandikia gemu tupu, na wengi wenu ni watu wazima wenye watoto. Nimefurahi sana. Meza yangu hapa Ngamiani, Tanga, imezipokea mashine hizi tangu zinaingia madukani, na nina ya kusema juu yake.

SWALI: Shikamoo Mama Fundi. Nimepata gemu ya kaseti ya zamani, ina pedi mbili na bunduki. Mario inacheza, vifaru vinacheza, Contra inacheza. Tatizo ni gemu ya bata. Nafyatua mpaka kidole kinauma, bata haanguki hata mmoja, na yule mbwa ananicheka mbele ya wanangu. Nimetafuta bunduki nyingine, mambo ni yale yale. TV ni flati ya inchi 43. *Baba wa watatu, Iringa*

JIBU: Marahaba. Bunduki zako huenda zote ni nzima. Anayekuangusha ni flati.

Wengi hudhani bunduki ile hurusha mwanga kwenye kioo. Hairushi kitu, inatazama. Ndani ya mtutu mna lenzi ndogo, na nyuma ya lenzi kuna kijicho cha umeme kinachohisi mwanga. Ukifyatua, gemu inakifanya kioo chote cheusi kwa kitambo cha picha moja, kisha inachora kiboksi cheupe pale pale alipo bata. Kwa mfumo wa TV tuliotumia huku kwetu, picha moja ni sehemu ya hamsini ya sekunde, ndiyo maana wewe unaona kioo kimepepesa tu. Kijicho kikiona giza halafu mwanga, bata chini. Kikiona giza na tena giza, umekosa. Bata wakiwa wawili, viboksi huchorwa kimoja baada ya kingine, na gemu inajua umempiga yupi kwa kuangalia mwanga umekuja katika picha ipi. Na lile giza la kwanza lina kazi yake: mjanja akielekeza bunduki kwenye taa ya sebuleni, kijicho kitaona mwanga wakati kilipotakiwa kuona giza, na gemu itamkatalia.

Sasa, TV ya chogo, ile ya zamani yenye mgongo mkubwa, huchora picha saa ile ile inapoipokea, mstari kwa mstari. Flati huipokea, huikuza ienee kwenye kioo kikubwa, huisafisha, ndipo huitoa. Kuchelewa huko ni kudogo kiasi kwamba jicho lako halikuoni, lakini kiboksi kinapotokea, bunduki imekwishatazama na kumaliza. Tena sakiti ya bunduki imetengenezwa isikilize mapigo ya mistari ya chogo, ambayo ni 15,625 kwa sekunde. Mwanga wa flati umetulia, mapigo hayo hauna.

Kwa hiyo tafuta chogo. Mafundi wengi wa mitaani wanazo zimelala nyuma ya duka, na inchi 14 inakutosha kabisa. Angalia iwe na matundu ya AV, la sivyo utapitia kwenye antena. Ikiwa na hitilafu mpelekee fundi, usiifungue mwenyewe, kwa sababu bomba la picha hubaki na umeme mkali hata baada ya kuchomolewa ukutani.

Gemu hiyo ya bata, Duck Hunt, ilitoka Japani mwaka 1984, na waliounda ile bunduki walikuwa wanaijua TV mpaka mfupa wake. Mimi fundi wa TV kazi hiyo naivulia kofia.

SWALI: Mama Fundi, kaseti ikigoma tulikuwa tunaipuliza na inakubali. Mume wangu anasema ni uongo. Nani mkweli? *Mama Salma, Lindi*

JIBU: Mumeo. Kilichosaidia ni kuichomoa na kuichomeka upya, meno yakakaa sawasawa. Pumzi ina unyevu, na unyevu unakula shaba, hasa kwetu pwani ambako hewa yenyewe ina chumvi. Chukua pamba ya masikio, ichovye kidogo kwenye ile spiriti ya isopropili wanayotumia mafundi simu, futa meno ya kaseti taratibu, acha ikauke. Thina na petroli usiziguse.

SWALI: Shikamoo mama. Nina miaka 19, nacheza eFootball na Free Fire. Kila nikishika simu, mjomba ananiambia gemu za kweli ziliisha na Super Mario. Mimi nikiziangalia naona vijisanduku vinarukaruka. Naomba utuamue. Gemu za sasa zinadaiwa nini na zile? *Kijana wa Likoni, Mombasa*

JIBU: Marahaba mwanangu. Mjomba si kweli kwamba ziliisha. Lakini deni lipo, na ni kubwa kuliko anavyokwambia.

Anza na mikono yako. Ukicheza kwa pedi, kidole gumba cha kushoto kinakaa kwenye kitufe chenye umbo la msalaba. Kitufe hicho kilibuniwa na Gunpei Yokoi wa Nintendo, kikatoka mwaka 1982 kwenye kigemu cha mkononi cha Donkey Kong. Vitufe vinne vya kulia vilivyopangwa kama almasi, na vile viwili vya juu vya vidole vya shahada, vilikuja na Super Famicom, mashine ya Nintendo, mwaka 1990. Sony, waliokuwa wamewahi kushirikiana na Nintendo kutafuta namna ya kuipa mashine hiyo CD, walipotoa PlayStation yao mwaka 1994 mpangilio ulikuwa ule ule. Hata Free Fire kwenye simu: mwendo kushoto, vitendo kulia.

Hilo ni la mikono. Kubwa zaidi ni jinsi gemu inavyokufundisha kuicheza, na hapa niruhusu nikae kidogo.

Dukani kwangu gemu ikishatengenezwa huachwa imewashwa saa nzima, nione kama itazima. Watoto waliokuja na baba zao kufuata redio waliikuta hapo, wakashika pedi. Kiingereza hawajui, Kijapani ndiyo kabisa, na kioo hakina maelezo yoyote. Sijamwona hata mmoja akigeuka kuniuliza afanye nini.

Siri iko kwenye hatua ya kwanza ya Super Mario Bros., ya mwaka 1985. Mario amesimama kushoto na mbele yake kweupe, basi mtoto anakwenda kulia. Kuna kisanduku kinametameta, na kuna kijidudu kinakuja polepole. Asiporuka, anakufa. Lakini anakufa sekunde chache tu tangu aanze, hajapoteza kitu, na sasa amejua. Mara ya pili anaruka, kichwa kinagonga kisanduku, linatoka yai, kama tulivyozoea kuuita ule uyoga. Naye ameshajifunza kuogopa vinavyotembea! Lakini yai linakwenda, linagonga bomba, linamrudia, na hapo alipo pana visanduku juu ya kichwa, kulikwepa ni vigumu. Linamgusa, anakuwa mkubwa. Mbele zaidi anakuta ngazi mbili zinazotazamana na kati yake pana ardhi: akiteleza, anaanza upya kupanda. Mbele kidogo ngazi ni zile zile, ila kati yake sasa pana shimo. Shigeru Miyamoto wa Nintendo na wenzake, walioiunda gemu hiyo, walilipanga hilo makusudi, kila kitu kifundishwe mahali ambapo kosa ni rahisi, kisha kiulizwe mahali ambapo kosa ni ghali. Waunda gemu mpaka leo wanaisoma hatua ile moja.

Na vijisanduku vyako hivyo vina heshima yake. Gemu nzima ilikaa kwenye kilobaiti 40. Picha moja ya WhatsApp kwenye simu yako huenda ni nzito kuliko Mario, maadui wake, muziki wake na hatua zake zote 32. Ndiyo maana mawingu na vichaka ni mchoro mmoja, rangi tu zimebadilishwa. Atakayekwambia walichora hivyo kwa kutojua, mwonyeshe kichaka na wingu.

Mengine yalizaliwa na mashine yenyewe. Tomohiro Nishikado alipounda Space Invaders, gemu ya kupiga wavamizi wa angani, mwaka 1978, kompyuta yake ilielemewa kuchora wavamizi wote kwa pamoja, wakawa wanakwenda pole. Mchezaji akiwapunguza, mzigo unapungua na waliobaki wanakwenda kasi. Nishikado aliona hofu inayoletwa na kasi ile, akaiacha. Leo tunaona ni jambo la kawaida kwamba gemu inakaza kadiri unavyoendelea. Subway Surfers inayokukimbiza hapo kwenye simu inakula kwenye sahani hiyo. Street Fighter II ya 1991 nayo: Noritaka Funamizu, mmoja wa waundaji wake, alipokuwa anakagua ile sehemu ya kuvunja gari, aligundua ngumi inaweza kuunganishwa na ngumi nyingine bila pengo kati yake. Hawakuizuia. Gemu za kupigana zilizofuata zimejengwa juu ya kuunganisha mapigo.

Nisimpendelee mjomba. Gemu nyingi za mashine za sarafu zilifanywa ngumu ili utie sarafu nyingine, na huo haukuwa uungwana. Wewe leo unacheza na mtu aliye Muscat ukiwa Likoni, jambo ambalo sisi hatukuliota. Lakini nikifungua gemu ya simu, dakika kumi za kwanza kuna kidole kinaniashiria bonyeza hapa, bonyeza pale, nunua hiki, hapo nasimama upande wa mjomba. Mtoto anaburutwa, hafundishwi.

Na usidhani njia ile imekufa. Celeste ya mwaka 2018, gemu ya msichana anayepanda mlima, ilianza kwa Maddy Thorson na Noel Berry kuunda toleo dogo kwa siku nne kwenye PICO-8. PICO-8 ni programu iliyobanwa makusudi: kioo cha nukta 128 kwa 128, rangi 16, basi. Watu wenye kompyuta za nguvu walichagua ufinyu kwa hiari yao. Itafute, icheze, halafu ucheze hatua ya kwanza ya Mario pamoja na mjomba, na kila mmoja amwambie mwenzake anachokiona.

SWALI: Dada fundi, ile gemu ya nyoka ya Nokia nani aliitunga? Na ile ya kupanga matofali, ya kijivu, ya betri? *Mwalimu, Bukoba*

JIBU: Nyoka wa Nokia ni kazi ya Taneli Armanto, Mfini, na alianza na simu ya 6110 mwaka 1997. Wazo lenyewe ni la zamani, lilikuwamo kwenye mashine ya sarafu iitwayo Blockade mwaka 1976. Wengi hawakujua kwamba kwenye 6110 watu wawili waliweza kucheza pamoja, simu kwa simu, kwa mwanga wa infraredi. Ukitafuta siku ambayo gemu iliingia mfukoni mwa mtu ambaye asingenunua gemu maishani, mimi naitaja simu hiyo.

Matofali ni Tetris. Alexey Pajitnov aliiunda Moscow mwaka 1984, kwenye kompyuta ya Elektronika 60 ambayo haikuweza kuchora picha, kwa hiyo matofali yake ya kwanza yalikuwa alama za mabano. Maumbo saba, kila moja vijisanduku vinne, na sheria ambazo bibi yangu angezielewa kwa kutazama. Haijazeeka. Desemba 2023 kijana wa miaka 13 wa Oklahoma, Marekani, aliicheza Tetris ya Nintendo ya 1989 mpaka mashine yenyewe ikaganda, mahali ambapo hapakuwa na rekodi ya binadamu kuwahi kufika.

SWALI: Mama Fundi, marehemu kaka yangu alikuwa na kibanda cha gemu. Ameacha maboksi mawili: mashine za kaseti, PS1, PS2, pedi, kaseti na diski nyingi. Mnunuzi wa skrepa ameshakuja kuyaulizia, na nyumbani wanasema yanajaza chumba. Nifanyeje? *Mdogo mtu, Morogoro*

JIBU: Pole sana kwa msiba, Mungu ampumzishe. Usiuze kwa kilo. Nakuomba kama dada.

Mwaka 2023, taasisi ya Video Game History Foundation ya Marekani ilichunguza gemu za zamani zilizotoka nchini humo kabla ya 2010, ikakuta asilimia 87 haziuzwi tena kihalali. Hapo ni Marekani, wenye maduka na makumbusho. Kwetu, historia ya vibanda iko kwenye maboksi kama hayo yako. Nani alicheza nini, kaseti gani zilifika, pedi ziliungwaje kwa solda na waya wa redio mpaka zikadumu: hakuna kitabu kilichoandika. Mimi nimeziunga pedi hizo, najua kazi ya vibanda kwa kuiona ndani.

Usiwashe kitu kwanza. Adapta zimechanganyika, na ukiikosea mashine chanya na hasi unaiunguza. Soma alama kwenye adapta na kwenye mashine, zisipofanana acha. Kaseti zinazohifadhi mchezo zina betri ndani, nazo huvuja zikizeeka; ukiona ukungu wa kijani kwenye meno, itenge na wenzake. Diski zisimamishe wima, mbali na dirisha. Lenzi za PS2 usizifute kwa kitambaa. Kila kitu kiwekwe juu ya mbao au meza, kisikae sakafuni msimu wa mvua.

Kisha piga picha kila kitu, pamoja na maandishi ya kaka kwenye makasha na bei alizobandika ukutani kama bado zipo. Waulize vijana waliokuwa wakicheza pale wakueleze gemu zilizopendwa, uandike. Chumba kikiwa kidogo kweli, ondoa pedi zilizokufa tu, tena baada ya kunionyesha. Ukimaliza, nitumie orodha ya mashine na picha za adapta kupitia gazeti hili. Nitakujibu ipi iwashwe kwanza, na ipi ifunguliwe na fundi kabla ya kuguswa na umeme.