Mrasimu wa korti si wakili wako: majibu kwa wenye hisa chache

"Kaka zangu wawili wana asilimia 80 ya kampuni ya malori aliyotuachia baba, mimi nina 20. Nimesikia malori matatu yamehamishiwa kampuni ya shemeji kwa bei ya kutupa. Naweza kuomba korti iweke mrasimu?" (Thika)

Unaweza, dada. Mrasimu (receiver) ni mtu anayeteuliwa kushika mali inayogombaniwa. Kifungu cha 780 cha Sheria ya Kampuni ya Kenya ya 2015 kinamruhusu mwanahisa, awe na hisa nyingi au chache, kulalamika katika Mahakama Kuu kwamba kampuni inaendeshwa kwa namna inayomkandamiza. Kesi ikiwa bado inaendelea, Amri ya 41 ya Kanuni za Kesi za Madai za 2010 inampa jaji uwezo wa kumteua mrasimu ashike mali, aitunze, akusanye mapato yake, na hata ashtaki kwa niaba yake.

Ila umeandika "nimesikia", na hapo ndipo kesi nyingi za kifamilia hufia. Jaji hawezi kuwapokonya wenye asilimia 80 usukani kwa fununu. Chukua CR12, yaani hati ya Msajili wa Kampuni, ya kampuni ya shemeji uone wanahisa na wakurugenzi wake ni akina nani. Tafuta rekodi za malori hayo NTSA, mamlaka inayosajili magari, ujue sasa yana jina la nani. Pata bei ya soko kutoka kwa mthamini, kisha uulize pesa za mauzo ziliingia akaunti gani. Yote hayo uyaambatishe kwenye hati ya kiapo.

Halafu anza na ombi jepesi: amri ya kuzuia malori yaliyosalia yasiuzwe. Mimi mrasimu ningemtaja kama ombi la pili, endapo kaka zako watakaidi au ikibainika hata mapato ya kila siku yanapotea. Korti huuliza kama kuna njia isiyoumiza biashara, na wakili anayedai mrasimu asubuhi ya kwanza bila kulijibu swali hilo anakutafutia gharama tu.

"Si mrasimu ndiye aliyepelekwa Mumias? Naogopa kampuni yetu itafungwa." (Kakamega)

Yule wa kampuni ya sukari ya Mumias, Septemba 2019, aliwekwa na benki ya KCB, iliyokuwa ikidai mkopo wake. Kazi ya mrasimu wa mkopeshaji ni kuhakikisha deni linalipwa. Huyu wa Amri ya 41 ni afisa wa korti: hamtumikii aliyemwomba wala aliyeshtakiwa, bali anamshikia mali atakayeshinda. Kwa hiyo usishangae akikunyima wewe pia gari la kampuni ulilozoea kuendea sokoni. Hana kazi ya kufilisi kampuni. Hata hivyo hofu yako ina msingi, kwa sababu wateja na benki wakisikia neno "mrasimu" hukimbia kabla ya kuuliza ni wa aina gani. Ndiyo maana ni vizuri amri itaje mali mahususi, tuseme malori na akaunti moja, badala ya kampuni nzima.

"Nani humlipa, na akiiba je?" (Nakuru)

Korti ndiyo hupanga malipo yake, na kwa kawaida hutoka kwenye mali anayoitunza, yaani mfukoni mwenu nyote. Kuhusu wizi, korti inaweza kumdai dhamana kabla hajaanza, na lazima atoe hesabu kwa vipindi itakavyoagiza. Akisababisha hasara kwa makusudi au kwa uzembe mkubwa, atawajibika yeye mwenyewe. Omba hesabu za kila mwezi. Ukingoja za mwaka utakuta ada imekula lori la nne.

"Wakurugenzi wamekataa kumpa funguo za ghala." (Mombasa)

Huko ni kudharau korti. Mrasimu arudi kwa jaji na ripoti. Nyinyi msivunje kufuli.

"Mimi niko Arusha. Kwetu Tanzania njia hii ipo?" (Arusha)

Ipo. Kwenu malalamiko ya mwanahisa anayeonewa yako katika kifungu cha 233 cha Sheria ya Makampuni ya 2002. Wakili wa huko atakuonyesha utaratibu wa kuomba msimamizi wa mali wa muda.

"Kesi ikiisha, mimi napata nini?" (Eldoret)

Mara nyingi, kuondoka ukiwa na pesa. Kifungu cha 782 cha ile sheria ya Kenya kinairuhusu korti kuagiza hisa zako zinunuliwe na wanahisa wenzako au na kampuni yenyewe. Vita vya mwisho huwa vya bei, basi mwambie wakili wako aombe mapema thamani ikadiriwe kana kwamba mali iliyohamishwa bado imo ndani ya kampuni.