Mpango wa mlipuko wa mafua: usinakili ule wa kipindupindu

Mkuu, umesema umehamishiwa halmashauri mpya, mganga mkuu kakupa wiki 2 uandike mpango wa dharura wa mlipuko wa mafua, na unaomba mwenye nakala ya mfano akurushie. Nakala zipo tele. Balaa ndiyo hizo nakala.

Mwaka 2009 nilikuwa afisa afya kwenye wilaya moja ya bara, sitaitaja. Tarehe 11 Juni Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba mafua ya nguruwe ni janga la dunia. Sisi roho zilikuwa zimetulia, mpango wetu ulishagongwa muhuri. Siku ya zoezi la mezani, lile la kukaa na kujaribu mpango kwa maneno kabla ugonjwa haujafika, tukawa tunausoma ukurasa kwa ukurasa, muuguzi mmoja mtu mzima akanyoosha mkono: "Samahani, hivi vitanda vyenye tundu na ndoo chini, mgonjwa wa mafua anavifanyia nini?" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Tulichukua mpango wa kipindupindu, tukafuta jina la ugonjwa, tukaandika mafua.

Tulipomaliza kucheka tukaona kosa kubwa kuliko vitanda. Kipindupindu kina pa kukishikia: kisima, mama ntilie, msiba. Unakifuata hapo, unatia klorini, na mtumishi akinawa vizuri na kula cha moto kwa kawaida anarudi kwake mzima. Mafua hayana kisima. Mtu huanza kuambukiza kama siku moja kabla dalili hazijatoka, na anayemsogelea usoni kumpima ni mtumishi wako. Kwa hiyo kabla hujauliza wagonjwa watakuwa wangapi, uliza watumishi watabaki wangapi.

Chukua zahanati ya watumishi 3. Mmoja kaugua. Wa pili ni mzima, ila shule zimefungwa na mwanawe ana homa. Amebaki mmoja, na huyo huyo azalishe, achanje, atoe dawa, ajaze vitabu vya MTUHA, yaani vya takwimu za kituo. Tuliifanya hesabu hiyo kituo kwa kituo, kwa majina ya watu, maana asilimia hazizalishi mama usiku wa manane. Ndipo tukaandika zahanati ipi ifungwe kwanza, watumishi wake wahamie kituo gani cha afya, kazi gani isubiri na ipi isiguswe. Wenye TB na wanaotumia dawa za VVU tukasema wapewe akiba ya kutosha mapema, wasije wakapanga foleni moja na wanaokohoa. Hapo kwenye kufunga zahanati tulibishana hadi chai ikapoa. Diwani gani atakubali zahanati ya kata yake ifungwe? Mwite mezani sasa, ukingali na muda wa kugombana naye.

Oksijeni ikague kwa macho yako, usiulize kwa simu. Mimi niliambiwa mitungi ipo, na kweli ilikuwepo, 4, imejaa. Spana ya kufungulia ilikuwa moja, ipo stoo, ufunguo wa stoo anao mtu aliyekwenda likizo. Kama mnategemea mashine ya kuzalisha oksijeni, ile inakula umeme, basi andika na lita za dizeli za jenereta na jina la atakayezilipia.

Sampuli ziliwahi kunitia aibu. Kijiti cha kuchukulia kiwe cha plastiki chenye pamba ya sintetiki. Cha mbao kinaweza kuharibu kipimo. Kikishatoka kooni au puani kinaingia kwenye kichupa chenye kimiminika chake, kinakaa nyuzi 2 hadi 8, na kifike maabara ndani ya saa 72. Sasa piga hesabu ya basi lenu, barafu ya kwenye kasha, na Ijumaa jioni.

Usiegemee vipimajoto vya uwanja wa ndege. Dalili hutoka siku 1 hadi 4 baada ya kuambukizwa, mtu anapita pale akiwa hana joto lolote. Mwishoni mwa Juni 2009 Kenya ilithibitisha mgonjwa wake wa kwanza, mwanafunzi kutoka Uingereza, na kundi lake lilikuwa limeshafika Kisumu. Chanjo nayo ya kirusi kipya huchukua miezi kutengenezwa, na ikitoka sisi si wa kwanza kwenye foleni. Dawa za kupunguza makali ya mafua zinasaidia zaidi zikianza ndani ya saa 48 tangu dalili zitoke, sasa jiulize nani wilayani kwako anakuja kituoni siku ya kwanza ya mafua.

Halafu kuna wajawazito. Mwaka ule ugonjwa uliwaelemea kuliko watu wengine, nasi tulikuwa tumepanga wanaokohoa wakae kwenye benchi lile lile la kliniki yao, eti kwa sababu lina kivuli. Nenda kasimame pale saa 2 asubuhi uone nani anakaa wapi.

Ukimaliza kuandika, chukua orodha ya simu ya ukurasa wa mwisho, upige namba zote Jumapili usiku. Sisi tulipiga 22, zikapokelewa 9, na moja ilikuwa ya fundi cherehani ambaye hakuwahi kufanya kazi halmashauri. Alikuwa mstaarabu sana, hadi akauliza kama kuna posho.